Soja wa Jumba la Jahazi

Nilipompigia mama simu nyumbani Molo kumwambia kwamba likizo yangu naenda kuimalizia India, aliuliza kwa sauti ya chini, "Wamekupata na nini?" Kwetu mtu haendi India kutembea. Anaenda India baada ya figo kugoma au moyo kuchoka, harambee imefanywa na kanisa zima limemwekea mikono. Nikamwambia mimi ni mzima wa afya, naenda kumsindikiza rafiki yangu akaonane na wakwe zake. "Sawa," akasema, "kama hutaki kuniambia, Mungu anajua." Jioni hiyo kikundi chake cha akina mama kiliniombea, na siku zilizofuata nikawa napokea mistari ya uponyaji kwenye simu asubuhi na jioni. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaanza kukasirika, kwa maana hasira zangu haziishi mbali, ziko hapa jirani tu.

Wakati huo nilikuwa soja Dubai. Wako waliopenda kujiita maafisa wa usalama, na si dhambi, lakini kwetu soja ni soja. Nililinda mlango wa wafanyakazi wa jumba moja la maduka kule Al Barsha. Wateja hawakuujua mlango wangu. Waliojua ni wauzaji, wafagiaji, wapishi na makeshia, walioingia na mikoba yao asubuhi na kutoka nayo wakiwa hoi.

Kazi ya mlango ina adabu zake, na mimi nilizishika mpaka zikaniingia mifupani. Husimami katikati ya mlango. Unasimama kando, mgongo karibu na ukuta, miguu imeachana kidogo, mikono nyuma. Mtu akija hutazami uso kwanza. Unatazama mikono yake, halafu alichobeba, uso unakuja mwisho. Mkoba anaufungua mwenyewe, wewe unasogeza vitu kwa kijiti, mkono wako hauingii ndani hata siku moja. Na ukishasema hapana, imekuwa hapana. Soja anayesema hapana kisha akasema ndiyo, kesho watampita kama hayupo.

Hivyo ndivyo nilivyofahamiana na rafiki yangu. Alikuwa keshia mgeni, msichana mwembamba kutoka Indore, katikati ya India, na siku yake ya kwanza alikuja na bakuli la chuma la dengu. Chakula hakikuruhusiwa kupita mlango ule. Nikamwambia akile hapo nje au akiache. Akasema bakuli ni la mama yake. Nikamwambia hata lingekuwa la mfalme. Basi akakaa kando ya ukuta akala dengu zote huku ananitazama, kijiko kwa kijiko, bila kupepesa. Nilipotoka zamu nikamkuta ananingoja, nikajua leo ni leo. Kumbe alitaka kuniuliza kama najua chumba, kwa sababu alikokuwa anakaa kunguni walikuwa wanammaliza. Chumbani kwetu, mtaa wa Karama, kulikuwa na kitanda kimoja wazi, nikamchukua.

Chumba chetu kilikuwa cha wanawake wanne, mimi na yeye na Waganda wawili waliofanya kazi za hoteli. Jiko lilikuwa moja, na humo mlipikwa sukuma, matoke, na mbegu za haradali zilizoruka kwenye mafuta mpaka sote tukakohoa. Tuligombana juu ya sufuria, tukapatana juu ya chai. Mimi na yeye tulizungumza Kiingereza chetu cha Dubai, chenye yalla na khalas za Kiarabu ndani yake na Kihindi kidogo cha kuongezea chumvi. Aliniita dada, neno nililomfundisha mwenyewe, na alilitamka vizuri kuliko baadhi ya watu wa kwetu.

Alikuwa na mchumba. Wazee walikuwa wamepatana kwanza, na wao wawili wakapendana baadaye kwa simu, jambo nililolishuhudia kila jioni kupitia pazia la kitanda. Kijana alikuwa fundi wa umeme mji wa Dhar, mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Alikuwa ameahidiwa kazi Dubai, inshallah, ila hiyo inshallah haikuwa na tarehe. Uso wake niliujua kwenye simu, naye akaujua wangu, na baada ya muda na yeye akaniita dada.

Shida ilikuwa mama yake. Alikuwa mjane, amemlea kijana peke yake, na alikuwa ametamka kwamba harusi itafungwa lakini bibi harusi hatarudi Dubai. Atakaa kwake Dhar mpaka mume apate viza, waende pamoja. Kwa yule mama, Dubai ilikuwa mahali ambapo binti wa watu anaishi bila mtu wake. Na rafiki yangu ndiyo kwanza alikuwa amepandishwa kuwa mkubwa wa makeshia, amepewa beji mpya, anasahau kuivua hata jikoni. Nikamwambia, kwani unaolewa na mama yake? Hakucheka. Tulikuwa kwenye foleni ya mkate wa tanuri chini ya ghorofa yetu, na alisema bila kunigeukia, "Dada, yeye nampenda, na kazi yangu naipenda. Wakinilazimisha kuchagua nitakosea, hata nikichagua lipi." Nikalipia mkate.

Ikapangwa basi waonane ana kwa ana kabla ya siku ya harusi kutajwa. Na kwao, niliambiwa, jambo la namna hiyo halifanywi nyumbani kwa mtu. Ukiwaita watu nyumbani, mtaa wote unajua, na mambo yakivunjika aibu inabaki kwenye mkeka wako. Mnakutana mahali pa matembezi, ambapo kila mtu ana kisingizio cha kutazama kuta. Wakachagua Mandu, mji wa kale wa masultani ulio juu ya mlima, si mbali na Dhar. Huko kuna jumba linaloitwa Jahaz Mahal, Jumba la Jahazi, kwa sababu limejengwa katikati ya maziwa mawili na wakati wa mvua unadhani linaelea. Baba wa rafiki yangu alikuwa amefariki, na mama yake hakuziweza ngazi kwa ajili ya magoti. Upande wake tungekuwa mjomba wake na mimi.

"Sina dada mwingine," akaniambia. Nikakata tikiti.

Siku tunaondoka, tukiwa tumeburuta masanduku mpaka kituo cha metro, alinisimamisha akanishika mikono yote miwili. "Dada, nakuomba kitu kimoja. Usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Chochote. Wewe ukisema unasema kama mlango unafungwa."

Nikamwahidi kwamba nitakuwa bubu. Mmoja wa wale Waganda, aliyekuwa ametusaidia kubeba, alicheka mpaka akaweka sanduku chini.

Sasa ngoja niseme habari ya mvua. Mimi ni mtu wa Molo. Nimezaliwa kwenye ukungu, nimesomea kwenye matope, na nilipoondoka niliapa kwamba sweta nimemalizana nayo. Dubai ilinisikia. Nilikaa kule nikiona mawingu kama watu wa mbali unaowajua kwa sura tu, hawasimami. Nikasahau jinsi mvua inavyonuka kabla haijafika. Tulitua Indore mwezi wa saba, tukalala kwa mama wa rafiki yangu, na asubuhi mjomba akatuchukua kwa gari lake. Alikuwa mtu mnene mwenye masharubu, mpenda hadithi, anayeendesha gari kwa mkono mmoja ili mwingine usimulie. Njiani kupanda Mandu wauzaji walikuwa wamepanga mabuyu kando ya barabara, mabuyu yenyewe haya haya ya kwetu. Mjomba akasema inasimuliwa kwamba mbegu zake zililetwa na watu wa Afrika zamani za masultani. Nikanunua moja, nikalipasua, nikawa namumunya nyuma ya gari kama mtoto aliyetoroka shule.

Tukasimama kwenye kibanda cha chai, na hapo ndipo mvua ilipokuja. Haikuanza na matone, ilishuka yote kwa pamoja. Wenzangu wakakimbilia chini ya turubai. Mimi nikatoka. Nilikuwa na gauni la kijani nililolinunua Karama kwa ajili ya siku hiyo tu, na nilisimama nalo katikati ya uwanja, uso juu, mdomo wazi, nacheka peke yangu. Mwenye chai akamwuliza mjomba kama mimi ni mzima kichwani. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu nipande ndege ya Dubai mara ya kwanza, furaha ya mwili mzima, na sikutaka mtu anitoe pale.

Gauni likafa. Lilinishika mwilini na rangi yake ikaanza kushuka miguuni. Kwenye mfuko wangu nilikuwa na suruali nyeusi ya kazini, niliyoibeba kwa safari ya kurudi, na sweta ya bluu iliyoiva ambayo kampuni ilitupa kwa ajili ya viyoyozi vya Dubai. Viatu vilikuwa vile vile vya zamu, vyeusi, kwa kuwa sikuwa na vingine vinavyostahimili maji. Nikabadilisha nyuma ya kibanda. Rafiki yangu akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Unaonekana uko kazini."

"Unataka niende na rangi ya kijani miguuni?"

Akashusha pumzi, akasema twende.

Tulifika langoni kabla ya upande wa kijana. Pale kuna uzio, na ndani yake majumba kadhaa ya kale yamekaa kwenye majani mabichi kama ng'ombe waliolala. Mgeni wa nchi za nje hukatiwa tikiti dirisha lingine, wakataka pasipoti yangu, nikampa mjomba. Yeye na rafiki yangu wakaondoka na mwavuli mmoja. Mimi nikabaki chini ya tao la lango, mahali pakavu. Nikasimama kando, mgongo karibu na ukuta, miguu imeachana kidogo, mikono nyuma. Sikuwaza chochote. Ndivyo ninavyosimama.

Akaja mama mmoja na watoto wake, akanikuta, akafungua mkoba. Nilidhani ananionyesha kitu. Nikatazama: kitana, leso, chupa ya maji, biskuti. Nikatikisa kichwa kumaanisha sawa. Akapita. Nyuma yake wasichana watatu wa chuo nao wakafungua mikoba, na nyuma yao mzee na mfuko wa plastiki, na kabla sijajielewa kulikuwa na foleni mbele yangu na kalamu mkononi mwangu inasogeza vitu. Soja wa kweli wa pale alikuwa ng'ambo ya njia na glasi ya chai. Aliniona vizuri kabisa. Akainua glasi yake kunisalimu, akaendelea kunywa.

Nilipaswa kusema mimi si askari. Kwa lugha gani? Na tuseme ukweli, nilikuwa naona raha. Foleni ilikuwa inakwenda vizuri, watu wananishukuru, hakuna msimamizi wa kuniita kwenye redio. Nikasimama wima zaidi.

Halafu akaja mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mtandio wa kijivu na mwendo wa mtu aliyezoea kupishwa. Alikuwa na kikapu. Akakifungua mwenyewe, na ndani kulikuwa na vyombo vya chuma vya chakula vilivyopandana, vimefungwa kwa kitambaa, harufu ya samli imejaa tele. Mwili wangu ukajibu kabla ya akili. "Hapana chakula," nikasema kwa Kiingereza, nikaonyesha benchi lililokuwa nje. Akasema kitu kwa Kihindi. Nikasema tena hapana. Akasema maneno mengi zaidi, akipandisha sauti, na akataka kunipita. Nikasogea hatua moja, nikaziba njia.

"Khalas," nikamwambia. "Ukile huko au ukiache."

Yule mama alinitazama nami nikamtazama. Nakiri alikuwa na macho makali, lakini mimi nimetazamana na wapishi wa hoteli kubwa wakitaka kutoka na kuku mzima, sikuyumba. Ndipo kijana mmoja akaja mbio kutoka kwenye maegesho, ameshika mwavuli, viatu vimejaa matope. Akafika kando ya yule mama, akainua uso, na uso ule niliujua. Nilikuwa nimeuona kila jioni.

"Dada?" akasema.

Nikageuka, na rafiki yangu alikuwa amesimama na tikiti mkononi, mjomba nyuma yake, mvua inawamiminikia wote wawili kwa sababu alikuwa amesahau kushika mwavuli sawasawa. Aliona kikapu. Aliona kalamu yangu. Alifunga macho tu, kama mtu anayesubiri sindano.

Kilichofuata kilikuwa Kihindi kitupu na cha haraka. Kijana alimweleza mama yake mimi ni nani. Mama akauliza jambo, akajibiwa, akauliza tena. Mjomba akatoa salamu ndefu za wazee ambazo hakuna aliyezisikiliza. Mimi nilikuwa nimeweka mikono mbele kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, nikirudia pole, pole, samahani mama, kwa lugha zote nilizokuwa nazo. Nilitamani ardhi inimeze, na nilimwonea huruma rafiki yangu. Safari yote hii, na mimi nimemzuia mama mkwe wake mlangoni na kikapu chake. Yule soja wa kweli alikuja sasa, ameshamaliza chai, akapokea kikapu kwa heshima akakiweka kwenye kibanda chake. Njiani akanipigia saluti.

Tukaingia. Yule mama alitangulia na mwanawe, hakunitazama tena. Rafiki yangu alitembea kando yangu na nilingoja anitukane. Badala yake akasema kwa sauti ndogo, "Ulisema ungekuwa bubu."

"Nimesema maneno machache tu."

"Yametosha, dada."

Lakini jumba lenyewe, jamani. Ni refu na jembamba, la mawe yaliyokolea wekundu kwa mvua, matao yamefuatana, na juu ya paa vibanda vyenye kuba. Ziwa upande huu, ziwa upande ule, yote mawili yamejaa mpaka ukingoni. Karibu yake kuna jumba lingine ambalo kuta zake zimeinama kama zimeegemea upepo. Chini kuna mabwawa ya kuogea yenye ngazi pande zote, na mifereji iliyochongwa kwenye jiwe, imejizungusha kama konokono ili maji yachelewe na kujisafisha kabla ya kufika. Mtu alikaa akafikiria hilo, akalichora, akalichonga, kwa ajili tu ya maji ya kuoga. Kijana alitaka kumwonyesha mchumba wake kila kitu, na kila alipomwonyesha kitu alimtazama yeye badala ya kile kitu.

Mjomba ndiye aliyetuokoa. Aliposimama kwenye ukumbi wa chini alianza hadithi zake, mara kwa Kihindi kwa ajili ya yule mama, mara kwa Kiingereza kwa ajili yangu. Alisema sultani aliyelijenga, kama inavyosimuliwa, alichoka na vita, akamwachia mwanawe utawala akajikusanyia hapa mji mzima wa wanawake. Na hawakukaa bure. Wengine walifunzwa hesabu, wengine ufundi, wengine kusoma na kufundisha. Hata ulinzi ulikuwa wa wanawake. Walikuwako wa Kituruki wenye pinde, na walikuwako wa Kihabeshi, kutoka Afrika, wenye silaha zao, na hao ndio waliosimama milangoni.

Aliposema hilo kwa Kihindi, yule mama akageuka polepole. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu langoni, akaanzia viatu, suruali, sweta, akamalizia usoni. Akasema kitu kifupi. Kijana aliangua kicheko akashindwa hata kusimama, mjomba akashika masharubu, na rafiki yangu, macho yamemtoka, akanitafsiria.

"Anasema, kumbe huyu mmoja zamu yake haijaisha."

Nikacheka mimi. Nilicheka kwa woga kwanza na baadaye kwa kweli, na yule mama akacheka pia, mabega yakimtikisika chini ya mtandio. Rafiki yangu akapata ujasiri, akamsimulia habari ya bakuli la dengu, jinsi nilivyomnyima mlango yeye mwenyewe siku ya kwanza. Aliisimulia kwa mikono, akaniiga ninavyosimama. Aliniiga vizuri mno. Yule mama akamwuliza swali. Rafiki yangu akajibu ndiyo, alizila zote hapo hapo ukutani, na wakacheka upya.

Paani kunapandwa kwa ngazi ndefu iliyo nje, ya mawe, isiyo na pa kushika, na siku hiyo ilikuwa inateleza. Yule mama alifika kwenye ngazi ya kwanza akasita. Mwanawe akampa mkono akaukataa. Hakutaka kuonekana anaogopa, hilo nililiona kwenye vidole vyake vilivyokunja mtandio. Sikuuliza. Nilikwenda nikasimama nyuma yake ngazi moja chini, kidogo upande wa nje, nikamshika kiwiko, si mkono. Ndivyo tulivyofundishwa kumtoa mtu mzima kwenye ghorofa wakati wa moto: ukimshika mkono mnaanguka wote wawili, ukimshika kiwiko anaegemea bila kujijua anaegemea. Akapanda. Nikapanda. Kila alipopumzika nilipumzika, na hakuna aliyemharakisha kwa sababu mimi nilikuwa nimeziba njia.

Juu mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu, na ukungu ulikuwa umefuta kingo za maziwa. Hukuona ng'ambo. Uliona maji tu, kulia na kushoto, na paa refu katikati, na kweli ilionekana kama tumeng'oa nanga. Nikavua viatu. Maji ya mvua yalikuwa vuguvugu kwenye mawe na nilitembea nayo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mikono nimeitandaza, na sikujali nani ananiona. Wale wasichana wa chuo niliowapekua walikuwa huko, wakaomba kupiga picha na mimi. Nilipiga nao, miguu mitupu.

Niliporudi, yule mama alikuwa amekaa kwenye kibanda chenye kuba, na rafiki yangu amesimama mbele yake, kichwa kimeinama. Kijana na mjomba walikuwa wamesogea mbali kidogo, wanajifanya kutazama ziwa. Nikajua ndiyo sasa. Nikataka kujiondoa lakini yule mama akaniita kwa kidole, akapiga jiwe kando yake. Nikakaa, viatu mkononi.

Aliuliza kwa Kihindi, rafiki yangu akatafsiri. Huko mnakokaa, mlango wa chumba hufungwa na nani?

"Mimi," nikasema. "Siwezi kulala kabla sijaujaribu."

Akichelewa kazini?

"Namngojea kituoni. Tunatembea pamoja."

Akiumwa?

"Namsindikiza hospitali. Wakinifukuza chumbani nasimama koridoni. Mama, mimi kusimama ndiyo kazi yangu."

Yule mama alisikiliza kila jibu kwanza kwangu, kwa lugha asiyoijua, halafu kwa rafiki yangu. Akatikisa kichwa taratibu. Akaangalia maji. Halafu akauliza swali lingine, refu kuliko yale, na safari hii rafiki yangu hakulitafsiri. Kisha akamjibu yeye mwenyewe, neno moja la Kihindi, na akainua uso alipolisema.

Yule mama akanitazama muda mrefu. Akaweka kiganja chake kichwani kwangu, juu ya nywele zilizolowa, akakiacha pale. Akamwita mwanawe, akamwambia maneno machache, na kijana akafunika uso kwa mikono miwili.

"Nini?" nikasema. "Ameuliza nini? Mbona hunitafsirii?"

Rafiki yangu alikuwa analia na kucheka pamoja, anajifuta kwa mkono wa gauni. "Ameuliza, na wewe je? Wewe unayelinda wenzako, huko nani anakulinda wewe?"

Nilikuwa nimesimama milangoni miaka, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo, hata mama yangu na maombi yake, hata mimi mwenyewe.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, mimi."

"Na yeye?"

"Amesema tufunge harusi, halafu nirudi. Amesema akinifungia Dhar, wewe utabaki na nani."